Neno la Siri la Mama Muzee

Chumba alichokaa Djamila kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Hakuwekwa mule kwa ubaya. Katika familia za Kiislamu za mji wa Kasongo, mwanamke akijifungua hukaa ndani mpaka arobaini yake iishe. Hapiki, haendi kisimani, havuki kizingiti cha sebule, na mwanaume asiye wa damu yake haoni uso wake. Huogeshwa maji ya moto, hukandwa tumbo, hunyweshwa uji wa mchele wenye pilipili manga mpaka jasho limtoke. Watu huiita heshima, na Djamila mwenyewe siku za kwanza aliiona hivyo. Lakini siku zilivyozidi kwenda, matofali ya ukuta wa jirani akaanza kuyajua moja moja, kama mtu anavyojua sura za ndugu zake: lile lililopasuka, lile lenye alama ya kidole cha mfyatuzi, lile ambalo mjusi hulipenda kuota jua.

Mule chumbani walikuwa watatu: yeye, mtoto, na kompyuta.

Kompyuta ilikuwa ya Chama cha Mapatano, chama cha wamama wa soko. Walikuwa wamepata mashine chache zilizokwisha kutumiwa na wengine, zikaletwa toka mji wa Kindu zikiwa ndani ya magunia ya mchele ili zisipigwepigwe njiani. Zilikuwa na Linux, ile programu ambayo mtu halazimiki kuinunua. Wamama walizipangia kachumba karibu na soko, wakatandika paneli ya jua juu ya bati, wakafurahi. Shida ikaja mlangoni. Kila mashine ikiwashwa ilileta ukurasa mweusi wenye Kifaransa cha herufi ndogo kama mayai ya chawa, ukiuliza jina la mtu na neno lake la siri. Wengi wa wale wamama walikuwa na shule ya primeri tu, na wengine hata hiyo waliiacha katikati. Mama mmoja muuza samaki alikaa mbele ya ukurasa ule asubuhi nzima, akaandika, ukakataa, akaandika, ukakataa. Alipoinuka alisema kwamba hata kwenye kizuizi cha askari mtu haulizwi jina lake mara nyingi hivyo, na pale angalau unaweza kubembeleza.

Ndipo wakamkumbuka Djamila. Kabla ya kuolewa alikuwa akifanya kazi ya kupiga hati kwa binamu yake, Moustapha, aliyekuwa na kiduka cha fotokopi. Moustapha alimfundisha mashine kama mtu anavyomfundisha mdogo wake baiskeli, akimsukuma na kumwachia, kisha akahamia Kindu, na tangu hapo mafundisho yake huja kwa sauti ndani ya simu. Chama kilimpelekea Djamila mashine moja nyumbani, kikamwomba atengeneze mlango mpya, skrini ya kuingilia ambayo mama yeyote wa soko anaweza kuipita bila kuona haya.

Akaanza kazi ile na mimba yake, akaendelea nayo na mtoto kifuani. Alitoa Kifaransa, akaweka Kiswahili. Alitoa majina, akaweka picha. Hakuweka picha za nyuso, maana wengi hawapendi sura zao ziangaliwe na kila mpita njia. Aliweka picha za biashara. Muuza mafuta ya mawese ana bidoni yake nyekundu, muuza mchele ana kipimo chake kilichojaa mpaka kinamwagika, muuza samaki ana samaki, muuza vitenge ana kitenge kilichokunjwa. Mama anabonyeza bidhaa yake, anaandika namba yake fupi, anaingia. Wauza mafuta walikuwa wawili, wakagombea bidoni, na Djamila akaamua mmoja apate bidoni yenye kifuniko na mwingine ya wazi. Yule wa bidoni ya wazi hakufurahi. Alisema watu watafikiri mafuta yake yanaingia nzi.

Chama kilikuwa kimesema wazi. Itakuwako siku ya kuangalia kazi imefika wapi. Mlango ukikubaliwa, Djamila ndiye atakuwa mlinzi wa kile chumba cha soko. Usipokubaliwa, watatafuta mtu Kindu.

Na Zuberi, mume wake, naye alikuwa amesema wazi. Alikuwa na duka dogo Kabambare, la sabuni, chumvi, betri na misumari, na alikuwa amechoka kula kwa majirani kama mjane. Kama kuna kazi inayomshika Djamila Kasongo, alisema, wataongea. Kama haiko, arobaini ikiisha atakuja na piki-piki awachukue. Hakuwa mtu mbaya, Zuberi. Alituma kitenge cha uzazi, alipiga simu kumwuliza mtoto amelala namna gani. Lakini Djamila alikuwa amekwisha kufika Kabambare mara moja, akakiona chumba kilicho nyuma ya lile duka. Kilikuwa na kitanda, katoni za sabuni mpaka juu, na dirisha ambalo Zuberi alilipigilia mbao kwa ajili ya wezi. Kule hakuna chama wala mashine, na wa kuongea naye ni mteja anayeomba chumvi. Kila alipofikiri siku ya kutoka arobaini, ambayo wanawake wengine huingoja kama sikukuu, aliona mtu anayetolewa chumba kimoja na kuingizwa kingine.

Aliyemlinda mule ndani ni mama mkwe wake, Bibi Aicha, mwenye nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mkono mzito wa kukanda na ulimi mwepesi. Hakupenda ile mashine. Alisema mzazi anahitaji ubani chumbani, yeye mukaza mwana wake anahitaji waya. Lakini hakuiondoa, kwa sababu chama kiliomba kwa adabu, na kwa sababu mtoto alipenda mlio wake. Kipepeo cha ndani ya mashine, kile cha kuipoza, kilipovuma, mtoto alinyamaza.

Mtoto huyo alipewa jina la babu yake, baba yake Zuberi, aliyefariki mwaka wa kabla ya hapo. Na kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto hataji kamwe jina la baba mkwe wake. Hata akiwa anamwita mtu mwingine sokoni mwenye jina hilo hilo, atasema "wewe, ndugu". Mzee akifa, jina halifunguliwi. Linazidi kuwa zito. Basi mtoto akawa na jina ambalo mama yake hawezi kumwitia. Bibi Aicha naye hakuweza, maana katika ndoa yake yote hakuwahi kumtaja mume wake kwa jina, alimwita Baba Zuberi mpaka siku ya kumzika. Kwa hiyo mtoto mchanga, asiye na jino hata moja, akaitwa Muzee. Djamila akaitwa Mama Muzee. Na Bibi Aicha, akimnyanyua toka kwenye mkeka, alimwita bwana wangu, akamlaumu kwamba amerudi duniani na bado anataka kufuliwa nguo.

Katika siku zile za ndani, mlango wa Djamila uliugua ugonjwa ambao ulitaka kumwua moyo. Aliandika neno la siri, neno la kweli, bila kosa. Skrini ikawa nyeusi kama inayofikiri, halafu ikamrudisha pale pale kwenye mlango. Hakuna lawama wala maneno mekundu. Umeingia, na bado uko nje. Akaandika tena, ikawa nyeusi, ikarudi. Kuna asubuhi alirudia mpaka maziwa yakamtiririka juu ya vitufe vya klavie bila yeye kujua kwamba mtoto analia.

Alimtumia Moustapha sauti. Jibu lilikuja mchana, na nyuma yake makelele ya Kindu.

"Dada, neno lako iko sawa, usilibadilishe," Moustapha alisema. "Mule ndani ya nyumba yako kuna kafaili kadogo kamebadilisha mwenyewe. Ulikafungua kwa jina la mukubwa wa mashine, sasa ni ka ule mukubwa. Ukifika, nyumba inaona wewe si mwenyewe wa vyombo vyako, inakurudisha. Rudisha umwenyewe, utaingia."

Djamila alirudisha umwenyewe wa lile faili, akaingia. Alikaa muda mrefu akiangalia ndani, pale ambapo hapakuwa na kitu ila anga la buluu na saa. Lile neno la nyumba inayokuona si mwenyewe wa vyombo vyako lilikaa naye zaidi ya dawa yake.

Baada ya hapo ndipo akafanya jambo ambalo hakumwambia mtu. Akaupanga mlango hivi: asubuhi, mashine ikiwashwa, picha za bidhaa zisionekane kwanza. Kwanza mlinzi aandike neno lake, na ndipo bidoni, mchele na samaki watokee. Alijiambia kwamba ni kwa usalama, watoto wa sokoni wasichezee. Hiyo ilikuwa kweli, lakini si kweli yote. Alitaka chama kisiweze kufungua chumba bila yeye. Alitaka mtu akimwambia Zuberi "mwache mke wako hapa", awe na sababu inayoshikika mkononi.

Moustapha alikuwa amemfundisha tangu zamani kwamba neno zuri la siri ni lile ambalo hakuna mtu atakayelisikia likitoka kinywani mwako hata siku moja. Djamila hakutafuta mbali. Alimtazama mtoto aliyelala, akaandika jina lake lote, la yeye na la babu yake. Alipolibonyeza lile neno kwa mara ya kwanza alitazama mlangoni, ingawa kuandika si kutamka, na vidole si ulimi. Akaona amepata ufunguo ulio salama kuliko zote za Kasongo.

Siku ya kuangalia kazi ilifika arobaini ikiwa bado haijaisha. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, njia zote zikawa tope. Alikuja Mama Louise, mkubwa wa chama, mama wa Kikristo anayeuza karanga na mchele, kicheko chake huingia nyumbani kabla yake. Alikuja na Mwalimu Bruno, aliyekuwa akifundisha kompyuta kwenye shule moja ya mji na kukisaidia chama bila malipo. Bruno alivua viatu vyake vyenye matope nje, akasalimia toka mlangoni, akapewa kiti sebuleni. Ndani hakuweza kuingia, wala Djamila hakuweza kutoka. Kati yao kulikuwa na pazia la kitenge cha zamani chenye maua ya manjano.

Basi mashine ndiyo itoke. Djamila alikuwa ameifungua tayari, picha zote zikiwa zimejipanga, akamwambia Bibi Aicha kwa sauti ndogo kwamba isukumwe na meza yake polepole, waya wa betri unafika. Lakini Bibi Aicha hakuwahi kuona kitu kinachohamishwa kikiwa kimefungwa. Alichomoa waya kama mtu anayemfungua mbuzi, akaubeba ule mwili wa mashine kiunoni, Mama Louise akachukua skrini, wakapita chini ya pazia. Mashine ikazimika. Djamila alinyoosha mkono na kuurudisha.

Sebuleni ikawashwa upya. Alisikia kipepeo kikivuma, akasikia kiti cha Bruno kikisogea, akasikia Mama Louise akisoma kwa sauti, herufi kwa herufi kama anayekula samaki mwenye miba: karibu, mlinzi, andika neno lako.

Bruno aliuliza kupitia pazia, kwa adabu, neno ni lipi.

Djamila aligeuka kwanza. Bibi Aicha alikuwa amerudi ndani, amekaa kwenye kibao chake karibu na kizingiti, mtoto mapajani, na macho yake yakiangalia midomo ya Djamila kama ya watu wote wanaongoja jibu.

Bruno aliuliza tena. Kisha akacheka, akasema labda Mama Muzee anawapima kama wataweza kuvunja mlango wake, ni jambo zuri, mlango hujaribiwa. Djamila akasikia vidole vyake. Alijaribu Djamila, ukakataa. Alijaribu Zuberi, na Mama Louise akamtania kwamba mwanamke wa leo haweki mume wake kwenye mashine. Ukakataa. Alijaribu Kasongo. Hapo Djamila alifumba macho, kwa sababu alijua kinachofuata, alikipanga yeye. Makosa yakizidi, mlango unafungwa kabisa kwa kitambo, hata kwa mwenye neno la kweli. Na Mama Louise akasoma yale maneno ambayo Djamila aliyaandika akiwafikiria wauza samaki wenye hasira: subiri, mama, pumzika kidogo.

Mama Louise hakuyapenda. Aliingia chini ya pazia, akachuchumaa mkekani karibu naye, goti kwa goti. Alimwambia polepole kwamba Bruno ni mutu wa siri, hataliuza neno lake, na kama anamwogopa alinong'oneze hapa sikioni. Djamila hakunong'ona. Alimtazama mtoto. Alimtazama kwa nguvu zote alizokuwa nazo, ili Mama Louise afuate macho yake.

"Muache, hana njaa," Mama Louise alisema. "Neno kwanza, kunyonyesha nyuma."

Toka sebuleni Bruno alishauri aandike kwenye kikaratasi. Lilikuwa shauri jema, na Djamila alilipima. Kikaratasi kile kingesomwa kwa sauti pale pale na watu wawili, na jina lile, lenye jina la Mungu ndani yake, lingeanguka mahali, lingefagiwa na maganda ya karanga. Na ingekuwa kama yeye amelitaja kwa kinywa cha mtu mwingine. Alitikisa kichwa. Akasikia kimya cha Bruno upande wa pili, kimya cha mtu anayeanza kufikiri kwamba kazi haiko, kwamba nyuma ya ule ukurasa hakuna kitu, na kwamba mama kijana ameona haya kusema.

Mama Louise naye alianza kufikiri hivyo. Aliinuka, akakung'uta magoti, akasema kwa huzuni kwamba pengine walimbebesha mzazi mzigo usio wake, na mtu wa Kindu si aibu.

Djamila alijaribu kuona njia. Akivuka kizingiti kwenda kuandika mwenyewe, atakuwa amevunja arobaini mbele ya mwanaume, na jioni mji wote utajua. Akilitaja, atakuwa amemtukana marehemu mbele ya mjane wake. Akinyamaza, ni Kabambare, ni katoni za sabuni. Alikuwa amejenga mlango kwa ajili ya kutoka, na sasa umemfungia yeye.

Bibi Aicha alimwinua mtoto begani, akampigapiga mgongo, na macho yake hayakumwacha Djamila. Katika ndoa yake alikuwa amenyamaza namna ile mara nyingi, kwenye foleni ya hospitali, mbele ya karani, mahali popote mtu alipomwuliza mume wako anaitwa nani na yeye akangoja mtoto au jirani amjibie. Alikijua kimya kile kama mtu anavyojua kikohozi cha nyumbani kwake.

"Ni lile jina?" aliuliza.

Djamila aliinamisha kichwa.

"Umeliweka mule ndani ya ile bati?"

"Samahani, Mama."

Mtoto alicheua, Bibi Aicha akamfuta na ncha ya mtandio. Djamila alingoja maneno, na kwa Bibi Aicha maneno hayakosi, lakini hayakuja. Kilichokuja ni sauti yake kubwa, ile ya kuita watu toka shambani, ikielekea sebuleni.

"Mwalimu. Kile kitu cha kuandikia, chenye menomeno, kinafika hapa?"

Bruno alisema waya ni mfupi. Bibi Aicha akasema basi meza ije, meza ina miguu. Wakaisogeza meza mpaka ukutani, skrini ikitazama sebule, na klavie ikapitishwa chini ya pazia, waya umevutika kama kamba ya ng'ombe mkaidi. Djamila alipiga magoti ndani ya kizingiti, mkeka ukiwa chini yake, klavie juu ya mkeka. Hakuvuka wala hakutaja. Skrini hakuiona, aliona maua ya manjano tu, yakitikisika kwa pumzi ya watu wa upande wa pili.

"Bado inasema subiri, mama," Bruno alisema.

Wakasubiri. Hakuna aliyekuwa na la kufanya. Mama Louise alitoa karanga mfukoni. Bibi Aicha aligeuza uso wake ukutani, kama mtu anavyogeuka mwenzake anapobadilisha nguo, na akabaki hivyo. Bruno aliposema maneno yameondoka, Djamila aliweka vidole vyake mahali pake, akaandika bila kuona, polepole, herufi baada ya herufi, jina lote. Kila herufi ilitoa mlio mdogo. Ilikuwa mara ya kwanza jina lile kusikika likitoka kwake mbele ya watu, na hakuna aliyelielewa.

Alijua kwamba sasa skrini ni nyeusi. Aliungoja ule ugonjwa wa zamani, kurudishwa mlangoni.

Halafu kicheko cha Mama Louise kikajaa nyumba. Ameiona karanga yake. Amejiona mwenyewe pale, kipimo cha karanga, juu kabisa, na chini yake bidoni mbili zinazogombana. Alibonyeza, akaandika namba yake, akaingia, akatoka, akaingia tena kwa ajili ya raha tu. Bruno aliangalia kila kitu kwa utulivu: herufi kama ni kubwa za kutosha, mama akisahau namba itakuwaje, mashine ikizimika katikati itakuwaje. Alisema kazi ni nzuri. Kisha akasema, na hakuwa na ubaya, kwamba ina kosa moja.

"Mama Muzee, leo tumeona. Ukiugua? Ukisafiri? Mlango wenye ufunguo mmoja, na mwenye ufunguo hawezi kutoka wala kusema, huo si mlango. Ni ukuta."

Djamila alisema ni kweli. Alijua toka mwanzo. Mama Louise akarudi chini ya pazia, akaweka neno lake mwenyewe kwa kidole kimoja, akificha kwa mkono mwingine kama mtoto wa shule, na mlango ukawa na funguo mbili. Akambonyeza Djamila shavu, akasema kazi ni yake, chumba kinamngoja, chama kinataka mulinzi anayekaa Kasongo na si wa kuja na kuondoka. Lakini Djamila alijua hesabu ile. Ufunguo wa pili ukishakuwako, wa kwanza unaweza kwenda Kabambare na mlango ukafunguka asubuhi kama kawaida. Sababu aliyotaka kumpa Zuberi ilikuwa imemtoka mkononi.

Wageni walipoondoka, Bibi Aicha alichukua simu ya Djamila akatoka uani, penye mpapai, mahali ambapo mtandao hushika vizuri zaidi. Djamila alisikia upande mmoja tu, na huo nao kwa vipande. Alisikia mama akimsalimia mtoto wake, akiuliza duka. Alisikia habari ya tope la Lusangi, kwenye njia ya Kabambare, na piki-piki iliyozama mpaka taa. Halafu sauti ikashuka, na yeye akabaki na kuku na ukuta wa jirani. Maisha yake yalikuwa yakiongelewa pale nje chini ya mpapai, naye hakuweza kwenda hata dirishani, maana dirisha halikuelekea huko. Mwishoni sauti ikapanda tena.

"Baba yako ndiye anafungua mule asubuhi," Bibi Aicha alisema. "Nani atamuchukua kwa piki-piki na mvua hii? Wewe?"

Alipoingia, alirudisha simu, akamchukua mtoto, akakaa. Alisema Zuberi amekubali mpaka kiangazi. Njia ikikauka, wataongea tena. Na yeye mwenyewe, Bibi Aicha, ana masharti yake. Jina lile lisiondolewe mule kwenye bati, na Mama Muzee hataenda sokoni peke yake na mtoto mchanga. Yeye atakuwa anaenda naye, atakaa.

Djamila alishukuru. Mpaka kiangazi si milele, na mama mkwe pembeni kila siku si kutoka. Lakini si katoni za sabuni. Alimwuliza Mama kama hakukasirika.

"Nilikasirika," Bibi Aicha alisema. "Halafu nikasikia ule mulio. Tik, tik. Jina refu vile, sikujua iko refu vile."

Arobaini ilipoisha, Djamila alinyolewa, akaogeshwa, akavikwa kitenge alichotuma Zuberi, akatoka. Jua lilimuumiza macho. Kuanzia siku ile, watu wa soko la Kasongo waliwaona kila asubuhi wakipita kati ya matope, wa mbele mfupi, mwenye kibao cha kukalia kichwani, wa nyuma mrefu, mwenye mtoto mgongoni. Wamama walikuwa wanawangoja mlangoni na namba zao kichwani. Djamila aliwasha mashine. Bibi Aicha aliweka kibao chake pembeni na kugeuza uso ukutani.

"Limeingia?" aliuliza bila kugeuka.

"Limeingia, Mama."

Ndipo aligeuka, na bidoni, na mchele, na samaki, zikawa zimekwisha kutokea. Kila siku ilikuwa hivyo, wala hawakuongea zaidi juu yake. Kuna asubuhi Mama Louise alitangulia kufika, akafungua kwa neno lake mwenyewe, na Bibi Aicha alimnunia mpaka saa ya kula.

Mvua zikapungua. Muzee wa mgongoni akaota jino. Siku moja Djamila alikuwa akimwelekeza muuza samaki namna ya kupiga hati ya mkutano, akainua macho kwenye mlango wazi. Piki-piki ilipita toka upande wa Kabambare, imebeba magunia na mtu juu yake, na nyuma yake, mara ya kwanza mwaka ule, palibaki vumbi. Vumbi dogo, jekundu, likasimama hewani kidogo, halafu likaingia chumbani na kutua juu ya klavie.

Djamila alilifuta kwa kiganja. Alipogeuka aliona kwamba Bibi Aicha naye ameliona. Mama mkwe aliinuka kwenye kibao chake, akachukua ndoo ya maji ya kunawia iliyokuwa kwenye kona, akamkabidhi.

"Nyunyiza maji pale mulangoni, mwanangu," alisema. "Nyunyiza mpaka barabarani."